Bastola Laini ya Mzee Hollis

Mzee Hollis Treadaway alikuwa na sheria moja kuhusu bastola, na aliirudia mpaka watu wakawa wanaimalizia kabla yake: usivae bastola ambayo hujaipiga mwenyewe. Usimwamini muuzaji, usiliamini gazeti, usimwamini kijana wa kwenye video mwenye ndevu zilizochanwa. Nenda nayo machimbo ya kokoto, ipige mpaka gumba lichubuke, ipige ikiwa chafu, ipige kwa mkono wa kushoto, ndipo uifiche kiunoni uende nayo mbele za watu. Katika maisha yake yote ya utu uzima aliivunja sheria hiyo mara moja tu, kwa ajili ya bastola aliyopewa zawadi ya Krismasi na mkwe wake. Mara hiyo moja ndiyo iliyomtia adabu.

Kanisa lao la Kibaptisti pale Tillman Creek, Arkansas, lilikuwa na kikosi cha ulinzi, kama yalivyo mengi ya huko. Wanaume sita wenye makoti yaliyozidi miili yao kidogo, kila mmoja na bastola yake chini ya koti, waliimba tenzi jicho moja likiwa kitabuni na jingine kwa watu. Hollis ndiye aliyekianzisha kikosi, miaka kadhaa nyuma, baada ya kuona kwenye habari kanisa la jimbo jingine limemwagika damu katikati ya sala. Tangu hapo benchi la nyuma kabisa, lile la mlangoni, likawa lake. Ibada ikiisha, waumini walipita mbele yake kumpa mkono na kusema, "Asante kwa kutulinda, Bwana Hollis." Watoto wa shule ya Jumapili walifundishwa kusema hivyo hivyo, na walipanga foleni wakasema, wengine vinywa vimejaa biskuti.

Na alilipenda jambo hilo, kwa nini tufiche? Alikuwa fundi wa nyaya za umeme tangu ujana, mtu wa kupanda nguzo wakati wa barafu ili wengine wawashe taa, halafu akastaafu, na hakuna aliyemhitaji tena kwa lolote isipokuwa pale mlangoni.

Kitu ambacho kanisa halikukijua ni kwamba kwa muda mrefu Hollis hakuweza hata kuikoki bastola yake. Ilikuwa ile kubwa ya zamani, springi yake ngumu kama ya mtego wa dubu, na baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole. Kila Jumapili asubuhi, baada ya mkate na mchuzi wa soseji, alikuwa akiiweka mezani, na mkewe Verna anafuta mikono kwenye aproni, anaikoki mara moja kwa kishindo, risasi inaingia kwenye chemba, anampa. "Haya, shujaa wangu. Nenda ukawatishe Wabaptisti." Verna alikuwa amekanda unga maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya nusu ya kikosi.

Verna akafa majira ya kuchipua, kwa moyo, akiwa anakunja mashuka. Hollis alikwenda kanisani Jumapili baada ya Jumapili na bastola isiyo na risasi kwenye chemba, na kwa watu wa kazi ile huko ni sawa na kwenda mikono mitupu. Vuli ilipofika alishindwa kuvumilia. Akampigia bintiye Renae, akamwambia apitie nyumbani kabla ya ibada, akamwekea bastola mezani huku akitazama dirishani. "Mama yako ndiye aliyekuwa akinikokea," alisema. Renae aliikoki kwa shida, akamkumbatia, akalia kidogo. Hollis alidhani siri imebaki kati ya baba na mwana.

Jumapili moja mwezi uliofuata mvua ya barafu ilikuwa inapiga. Katikati ya mahubiri mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia mtu mwenye koti la kiume, kofia ya koti imemfunika uso, mkono mmoja umezama mfukoni, anahema. Hollis alisimama. Mkono wake ukaingia chini ya koti, ukaishika bastola. Yule mtu akautoa mkono mfukoni, na mkononi kulikuwa na pampu ya pumu. Alikuwa Lanette, mwanamke wa kiwanda cha kuku, ametoka zamu na kukimbia kutoka maegeshoni. Hollis aliona pampu, akaachia bastola, akafunga koti, akaketi. Kwa hesabu yake alifanya kazi kama inavyopaswa kufanywa: alisimama, akatazama mkono, akaona, akaacha. Watu wengine waliona mzee mwenye mkono unaotetemeka juu ya bastola, na mwanamke anayepigania pumzi mbele yake.

Mchungaji Gentry alikwenda nyumbani kwake wiki ile ile. Alikunywa kahawa tatu, akazunguka mbuyu weee, mwisho akasema labda mzee angependa kupumzika, akae mbele na familia. Hollis akamwambia benchi lile atatolewa akiwa ndani ya jeneza. Mchungaji akacheka kama vile ni mzaha, akaaga.

Krismasi ikaja na zawadi. Dustin Yarbrough, mume wa Renae, ambaye baada ya tukio lile la Lanette ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa kikosi, alimpa baba mkwe kisanduku chenye bastola ndogo nyeusi, fupi, nyembamba, ya kupotelea chini ya shati. "Baba, hii ni ya kisasa. Haitakukwaruza pale ulipopasuliwa nyonga. Na jaribu kuikoki." Hollis aliivuta. Ikaja kama droo iliyopakwa nta. Akaivuta tena, na tena, pale pale mbele ya mti wa Krismasi, na akaanza kulia mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi. "Ni ya watu wenye mikono kama yangu?" aliuliza. "Ndiyo, Baba," alisema Dustin. "Wala usihangaike kwenda kuipiga. Nimeshaipiga mimi, nimeilainisha. Iko tayari." Renae alikuwa jikoni, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Basi akaivaa. Alipokuwa peke yake aliijaribu bila risasi, na kinyundo kililia tak vizuri, safi. Alitembea nayo na kuketi nayo kanisani. Asante kwa kutulinda, Bwana Hollis. Majira ya baridi yakapita, yakaja ya kuchipua, mahindi yakafika kiunoni.

Aliyeleta mkosi, au neema, sijui uiite nini, alikuwa Orval Pickens. Yeye na Hollis walipanda nguzo pamoja miaka yote ile. Alikuwa Mmethodisti, kwa hiyo habari za Wabaptisti zilimfikia zimepoa, au hazikumfikia kabisa. Alitaka kununua bastola ndogo ya kufichika maana ile yake kubwa ilikuwa inamtoboa mbavu kila akiendesha gari, na mkewe alikuwa amechoka kumpaka dawa.

"Yako hiyo unaisifia kama mjukuu," Orval alimwambia wakiwa wanakula kambare wa kukaanga. "Twende machimboni nikaione. Nikiipenda nanunua kama hiyo hiyo."

"Utaipenda tu. Siku ukiwa nayo hata wewe Mmethodisti utakuwa na kitu cha kujilindia."

"Sisi tunajilinda kwa mahubiri mafupi. Adui akifika anakuta tumeshatawanyika, tuko nyumbani tunakula kuku."

Machimbo ya kokoto yalikuwa nyuma ya shamba la Orval, na hapo ndipo walipopigia shabaha tangu wakiwa vijana. Waliifanyia ile bastola mtihani wote, kama wazee wawili wanaonunua farasi. Risasi zikatolewa kwanza. Orval akaivaa kiunoni, akashusha shati, akatembea mbele ya Hollis, akainama kufunga kamba za viatu, akanyoosha mikono kama anayetoa mkebe kwenye rafu ya juu.

"Ukiinama inachungulia upande wa nyuma," alisema Hollis.

"Inachungulia kwa sababu ya kitambi, si kwa sababu ya bastola. Kitambi nitakivua wapi?"

Akaingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akajaribu kuitoa akiwa ameketi. Ikatoka bila kunasa. Akaipima mkononi, akasema kidole chake kidogo kinakosa mahali pa kushika lakini ndivyo zilivyo zote fupi, huwezi kuwa na kitu cha kufichika na cha kushikika vizuri kwa pamoja. Akatazama kilengeo, akakisifia kidogo. Halafu akaikoki, na uso wake ukabadilika.

"Hollis. Hii mbona laini hivi?"

"Si nilikuambia?"

"Hapana, sikiliza. Hizi ndogo huwa ngumu. Kadiri inavyokuwa fupi ndivyo springi inavyokuwa kali, lazima iwe kali. Yule fala wa dukani alimuuzia mke wangu moja ndogo, eti ya kike, mpaka leo anaikoki kwa kuibana kwenye magoti. Hii yako inavutika kama zipu."

"Imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye yabisi."

"Nani kasema?"

"Dustin."

Orval akamrudishia bastola yake. Hollis akaweka risasi, akaikoki kwa raha ile ile ya siku zote, akalenga kopo la rangi juu ya kifusi, akavuta.

Tak.

Alisubiri akiwa bado amelenga, kama anavyotakiwa mtu anayejua, huenda risasi ikachelewa. Haikuchelewa, haikuwepo. Akakoki, risasi ikaruka ikaanguka kwenye kokoto. Akavuta. Tak. Akakoki. Tak. Aliendelea hivyo mpaka magazini ya risasi ikaisha, na uso ulikuwa umeanza kumwiva. Orval aliinama akaokota risasi moja moja kutoka kwenye kokoto, akazigeuza vitako juu ya kiganja.

"Tazama. Hazikuguswa. Hakuna hata alama."

"Risasi mbovu."

"Zote?" Orval akaweka zake mwenyewe. Tak, tak. Basi akaitoa magazini, akaikagua chemba mara mbili, akachomoa penseli kutoka mfuko wa shati, akaidumbukiza mdomoni mwa bastola, kitako kikitangulia, akaielekeza juu. Hollis alijua mtihani ule tangu enzi za baba yake. Bastola iliyo nzima ina sindano ya chuma ndani, kinyundo kikipiga, sindano inagonga, na penseli inaruka juu. Orval akavuta. Kinyundo kikalia. Penseli haikutikisika.

Aliifungua juu ya kibao cha nyuma ya gari, taratibu, kwa kisu kidogo. Hollis alisimama pembeni mikono imening'inia. Pale sindano inapokaa palikuwa na tundu jeusi, safi, limepakwa mafuta vizuri.

"Haikuvunjika, Hollis," alisema Orval. "Imetolewa. Na springi imekatwa, ona, imekatwa kwa koleo. Mtu amekaa chini akaifanya hii kazi." Halafu, kwa sababu alikuwa rafiki wa kweli na si mwerevu sana, akauliza, "Mkwe wako anajua mambo haya?"

"Anajua sana," alisema Hollis.

Kitu cha kwanza alichokisikia hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu, aibu kavu ya mtu aliyegundua kwamba ametembea mjini mchana kutwa nguo imechanika nyuma, na watu walikuwa wanamsalimia kwa tabasamu. Alikumbuka machozi yake mbele ya mti wa Krismasi. Alikumbuka jinsi alivyoivuta na kuivuta, akafurahi kama mtoto, na wao wanatazama. Yeye, Hollis Treadaway, mwenye sheria yake moja! Walimchezea shere kwa kitu kile kile alichojivunia kukijua, na walifanikiwa kwa sababu mikono ilikuwa inamuuma na alitaka sana kuamini.

Jioni hiyo alikwenda kwa Renae. Walikuwa wanamaliza kula, kuna mkate wa mahindi mezani na chai baridi ya sukari. Mjukuu, Kaylin, alikuwa amelala kwa jirani. Hollis alikataa kuketi. Akaiweka bastola juu ya kitambaa cha meza, magazini pembeni, chemba wazi ili kila mtu aone ni tupu.

"Baba, si mezani," alisema Renae.

"Mama yako alinikokea mezani kila Jumapili. Meza haikufa." Akatoa penseli ya Orval, akaidumbukiza kwenye mdomo wa bastola, akamsukumia Dustin. "Elekeza juu. Vuta."

Dustin hakuigusa. Aliitazama ile penseli, akamtazama mkewe. Kama angekuwa mwongo mzoefu angeichukua, angevuta, angejifanya ameshangaa. Lakini alikuwa kijana mwema wa kanisa, muuza matrekta, na kazi ile moja tu ya uongo ilikuwa imemchosha.

"Ilibidi, Baba," alisema Renae. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeijua siku hii kwa muda mrefu. "Ulimwona Lanette? Alikuwa anashindwa kupumua, na wewe mkono uko juu ya bastola, unatetemeka. Kaylin wangu alikuwa benchi la tatu. Ungekosea kidogo..."

"Niliona pampu, nikaachia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Renae. Kuona na kuachia."

"Safari hiyo uliona."

Neno lile lilimchoma Hollis mahali penyewe. Usiku fulani fulani alikuwa amejiuliza hivyo hivyo.

"Basi mngeniambia," alisema. "Mngeniambia: Baba, umezeeka, mikono imeisha, njoo ukae na sisi."

"Mchungaji alikuja kwako!"

"Mchungaji alikuja kunywa kahawa. Wewe ulikuja? Mume wako alikuja? Mngenijia mkaninyang'anya. Ningewatukana. Ningekasirika mwaka mzima, nisingekula Krismasi hapa. Halafu yangeisha. Watu hukosana, wakapatana."

"Mama amekufa, Baba," alisema Renae, na sasa alikuwa analia. "Ulibaki na lile benchi tu. Ningekunyang'anyaje na benchi?"

"Hukuniachia benchi. Umenivisha kilemba cha ukoka ukaniweka mlangoni nichekwe."

"Hakuna aliyekucheka, Baba," alisema Dustin.

"Aa. Kwa hiyo wanajua. Ni nani wanaojua?"

Renae akageukia sinki. Dustin akakuna shingo, akataja kikosi, kisha Mchungaji, kisha wake wa wanakikosi, kisha mashemasi kwa sababu walikuwa na wasiwasi, kisha akaacha kutaja, maana ingekuwa rahisi zaidi kutaja wasiojua. Kwa hiyo mikono yote ile ya Jumapili, asante zote zile za kutulinda, ilikuwa ni mikono ya watu wanaompa mgonjwa pole bila kumwambia ugonjwa wake.

Hollis alishika mgongo wa kiti. "Sasa niambie jambo moja, Dustin. Kama angekuja?"

"Nani?"

"Huyo tunayemsubiri. Huyo ambaye wanaume sita tunavaa makoti kwenye joto la mwezi wa saba kwa ajili yake."

"Baba, hii ni Tillman Creek. Hakuna mtu atakayekuja."

"Basi wewe unavaa ya nini?"

Bastola ya Dustin mwenyewe ilikuwa kiunoni hata wakati ule, chini ya shati la kulia chakula.

"Mimi ningesimama," alisema Hollis. Hakupaza sauti. "Mnanijua, ningesimama, na ningekuwa wa kwanza kwa sababu kiti changu ndicho cha kwanza. Ningeitoa hii, ningemlenga, ningevuta, na yeye angesikia tak. Ningekoki tena, maana ni laini, mmenilainishia vizuri. Tak. Ningekuwa bado nakoki wakati ananipiga, na ningekufa nikidhani ni mimi niliyekosea, kwamba nimeisahau kazi yangu. Mlikaa mkalipima hili jambo. Mlipima hofu ya watu, mkapima aibu yangu, mkapima nitalia kiasi gani nikinyang'anywa. Hilo la mimi kusimama hamkulipima?" Akamtazama bintiye. "Au mlilipima?"

Renae alisema, "Baba, usiseme hivyo." Dustin alisema kwa sauti ndogo kwamba walimweka Merle Hatcher wa kikosi karibu naye tangu Krismasi, Merle angesaidia. Hollis alikuwa amefikiri Merle amehamishiwa pale kujifunza kazi kwake. Alikuwa hata ameanza kumfundisha.

Aliiacha bastola mezani, penseli ikiwa bado mdomoni mwake, akaenda zake.

Jumapili alitaka kutokwenda. Alikaa kitandani amevaa soksi moja, akasema hatakwenda, halafu akavaa ya pili, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda Jumapili. Alivaa koti vilevile. Chini ya koti hakukuwa na kitu. Ile kubwa ya zamani aliiacha ndani ya kabati alimoiweka tangu Krismasi, na hakuna mtu wa kumkokea.

Renae alikuwa anamsubiri ngazini, macho yamevimba. "Kaa na sisi leo, Baba. Kaylin amekuwekea nafasi."

"Nina nafasi yangu," alisema.

Akaenda akaketi benchi la nyuma. Merle Hatcher, jitu kubwa lenye duka la matairi, alikuwa ameshaketi kando yake, akamsalimia kwa heshima nyingi na kumsogezea kitabu cha nyimbo. Joto lilikuwa kali, feni zinazunguka bure, wanakikosi wote wana makoti na majasho. Kutoka pale Hollis aliweza kuwaona wote: Dustin kwenye njia ya kati, wawili kushoto karibu na piano, mmoja kulia chini ya dirisha. Yeye ndiye aliyewapangia nafasi zao zamani, lakini sasa aliona kwamba zimebadilishwa. Hakujua zilibadilishwa lini. Zamani kila mmoja alikuwa anatazama mlango au dirisha lake. Sasa walikuwa wameketi kiupande upande, na hakuelewa wanaangalia nini.

Waliimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili. Mchungaji Gentry alikuwa amefungua Biblia tu pale mlango uliposukumwa kwa nguvu ukagonga ukuta.

Hollis alisimama. Hakuamua kusimama, miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyozoea. Mkono wake ukaingia chini ya koti, ukashika shati. Alikuwa Lanette, amechelewa kutoka zamu, mikononi ana trei kubwa ya maharage ya kuoka kwa ajili ya chakula cha pamoja baada ya ibada, kwa hiyo alikuwa ameusukuma mlango kwa bega. Hollis alimwona vizuri, mikono yote miwili, trei, kitambaa juu ya trei. Moyo wake ukatulia. Akageuka mbele kuwapa wenzake ishara ya zamani, kichwa kidogo tu, kwamba ni salama.

Na hapo ndipo alipojua wanaangalia nini.

Dustin alikuwa amenyanyuka nusu, mkono chini ya koti. Wale wa piano walikuwa na mkono chini ya koti. Yule wa dirishani alikuwa na mkono chini ya koti. Merle, kando yake kabisa, alikuwa ameshamshika kiwiko, kwa upole, kwa nguvu zote za mtu wa matairi. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Lanette. Hakuna aliyekuwa ametazama mlango. Walikuwa wamemtazama yeye, na hofu iliyokuwa machoni mwao ilikuwa ya kweli, ya jana na ya juzi, ya tangu Krismasi. Waliitoa sindano ya bastola yake, na bado hawakuwa na uhakika naye. Wangejuaje kama leo amekuja na ile kubwa?

Hollis akautoa mkono wake chini ya koti, polepole, vidole vimekunjuka kadiri vilivyoweza kukunjuka. Halafu akashika koti pande zote mbili akalifungua wazi, kama mtu anayeamriwa na polisi barabarani. Waliona shati lake jeupe, mikanda ya suruali, na kiuno chembamba cha mzee, kitupu. Akageuka kidogo kushoto ili na wale wa piano waone.

"Ni Lanette," alisema. "Ameleta maharage."

Merle akamwachia kiwiko, akashika kitabu cha nyimbo, akakitazama. Dustin akaketi. Mtu mmoja mbele akakohoa, na Mchungaji akaanza kutafuta mstari wake. Lanette alisimama na trei yake, hajui imekuwaje, kisha akaja akaketi mwisho wa benchi la Hollis, trei magotini, akamnong'oneza asubuhi njema.

Nyuma yao mlango ulikuwa wazi vilevile, jua linaingia mpaka kwenye zulia, na hakuna aliyekuwa akiutazama.